Jina Ndani ya Chemba

Mtu akikuambia saruji inashika kila kitu, mwulize kama amewahi kufunga bomba la plastiki. Nimegombana na mainjinia watatu juu ya jambo hili. Wote walinicheka, na wote walirudi na viatu vimejaa tope. Saruji ilishikana vizuri na mabomba ya zamani, yale ya udongo na ya zege, kwa sababu yalikuwa na ukwaruzo. Enzi ya Ruksa ilipokuja na biashara ikafunguliwa, yakaingia mabomba ya plastiki kutoka Nairobi, mepesi, mtu mmoja anabeba mawili begani na bado anapiga mluzi. Plastiki inateleza. Unapiga lipu shingo ya bomba pale linapoingia kwenye ukuta wa chemba, lile shimo la kukagulia maji machafu, inakauka, unafurahi. Masika yakifika udongo mweusi unavimba na kuinua chemba, kiangazi unapasuka na chemba inazama, na bomba linabaki pale pale. Shingo inaachia. Maji machafu ya watu yanaanza kutembea chini ya ardhi kwenda anakojua Mungu.

Dawa yake ni mpira unaokubali kucheza. Bomba likipanda nao upande, likirudi nao urudi, na maji yasipite. Kusema ni rahisi.

Naitwa Ndesanjo, mtu wa Machame. Nilifanya kazi miaka kumi na sita katika kiwanda cha matairi hapa Arusha. Kazi yangu ilikuwa kuchonga maandishi kwenye kalibu, zile fremu za chuma ambamo tairi linapikwa. Unachonga herufi kinyume, ili zikitoka kwenye mpira zisomeke sawasawa. Mwaka 1992 tulipunguzwa, tukapewa mkono wa kwaheri, nami nikafungua karakana Elerai. Nilikuwa na kiburi cha mtu anayejua kitu kimoja vizuri.

Niliyeshirikiana naye alikuwa mwashi, Mwarusha, kwao magharibi ya Mlima Meru. Jina lake silitaji humu, na sababu yake mtaiona mbele. Nitamwita Fundi, kwa kuwa sijaona aliyestahili neno hilo kuliko yeye. Alikuwa mrefu kiasi kwamba akiingia chemba ya kina kifupi kofia yake ilibaki nje, tukimtania kwamba yeye ni mfuniko wake mwenyewe.

Tulikuwa na desturi yetu ya kazi. Tukimaliza kulaza bomba kati ya chemba mbili, mmoja alishuka huku, mwingine kule, hatua arobaini au hamsini kati yetu. Niliinamisha kichwa kwenye tundu na kuita, "Uko?" Yeye alijibu upande wa pili, "Niko, Ndesa." Sauti ikifika safi, bomba limenyooka na halina takataka. Ikifika imekwaruza, tunafukua. Hatukuhitaji kioo wala tochi. Mpaka leo naijua sauti yake ndani ya bomba kuliko ninavyoijua sauti yake hewani.

Jambo moja nililiona na sikulitia maanani. Fundi hakuwahi kumtaja baba yake kwa jina. Alisema tu, "yule mzee aliyenizaa." Nilidhani walikosana.

Mpira wetu wa kwanza ulikuwa pete bapa niliyokata kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori. Upande mmoja ulikamatwa na ukuta, upande wa pili ulivaa bomba na kukazwa kwa bendi ya chuma. Ulifanya kazi, lakini ukivutwa sana ulichanika. Siku moja tukila mahindi ya kuchoma Fundi alinikunjia mkono usoni, kama mtu anayetaka ngumi.

"Tazama ngozi ya kiwiko hiki," akasema. "Nikinyoosha mkono, ina mikunjo. Nikikunja, mikunjo inaisha. Haikatiki kwa kuwa imeachiwa ziada. Na mpira wako uachie ziada."

Hapo ndipo wazo lote lilipotoka. Mimi nilikuwa nimehangaika nalo mwaka mzima.

Februari 1995, kabla sijatengeneza huo mpira wa mikunjo, tulipata kazi ya mkandarasi mmoja Engutoto, chemba kumi na moja kwa ajili ya nyumba mpya. Tulitumia pete bapa zile zile. Bendi za chuma zilichelewa Nairobi, na mkandarasi alitaka majaribio ya maji yafanyike kesho yake, bila kujali. Jioni ile Fundi aliokota waya wa kufungia nondo, akauzungusha kidoleni.

"Ndesa, huu si utakata mpira?"

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira na mkandarasi, na Nairobi, na jua. Mtu yeyote wa mpira anajua kwamba waya mwembamba ukivutwa unapita kwenye mpira kama unavyokata mche wa sabuni. Nilijua. Nikamwambia, "Utashika."

Akanitazama kidogo, akatia kipande cha waya mfukoni, akaenda nyumbani.

Asubuhi akafunga kwa waya. Tukajaza maji chemba ya juu mpaka ukingoni, tukaziba mwisho wa bomba kwenye chemba ya chini, naye akashuka humo kuangalia kama shingo inavuja. Mimi nilibaki kando ya chemba ya juu, yenye maji. Ilikuwa saa nne, Meru yote iko wazi mpaka kileleni. Nikaona maji niliyokuwa nayatazama yakishuka mara moja, kama mtu aliyeyameza. Bomba lilikuwa limechomoka ukutani na kumpiga kifuani, na maji yote yakamfuata. Nilikimbia hatua arobaini. Sijawahi kukimbia vile, na sijawahi kuchelewa vile.

Msimamizi wa mkandarasi alikuja na karatasi. Akauliza, "Nani alifunga waya?"

"Fundi ndiye aliyefunga," nikasema.

Mikono ilikuwa yake, kweli. Msimamizi hakuuliza nani alisema ufungwe, nami nikajitia hamnazo. Karatasi ikaandikwa kwamba kifo kilitokana na uzembe wa marehemu mwenyewe. Siku ya mazishi mtu wa mkandarasi aliisoma mbele ya waombolezaji wote, kwenye kiwanja cha kanisa la Kilutheri la kijiji chao. Mjane wake, Naserian, alikuwa amekaa na mwanawe Lemomo magotini. Aliinua macho na kunitafuta katikati ya watu. Nilijificha nyuma ya mgongo wa mtu mnene.

Nilirudi Elerai nikafanya kazi kama mwendawazimu. Nikachonga kalibu mpya ya chuma, mpira wenye mkunjo mmoja mnene kama ngozi ya kiwiko, na mdomo uliolala juu ya bomba hivi kwamba kadiri maji yanavyosukuma, ndivyo mdomo unavyobana zaidi. Niliujaribu kwa wiki tatu. Nililiinamisha bomba mpaka wasaidizi wangu wakaogopa. Halikuvuja hata tone. Huo ndio mpira bora niliowahi kutengeneza maishani, na ulitoka kwenye kiwiko cha mtu niliyemsingizia.

Kwetu Machame jina la marehemu halitupwi. Mjukuu anapewa jina la babu yake, na linaitwa kutwa nzima migombani, mwite aje ale, mwite achunge mbuzi, na babu anabaki kati ya watu. Mimi mwenyewe nimebeba jina la babu. Kwa hiyo nikachukua patasi ndogo na kuchonga jina la Fundi kwenye kalibu, herufi kinyume, kuuzunguka mdomo wote. Mpira ulipotoka, jina lilisimama juu yake waziwazi. Nililia karakanani. Nilijiambia kwamba nimemlipa heshima, na kwamba heshima hiyo inatosha.

Mafundi walizoea haraka. Mpira huo hawakuuita mpira, waliuita kwa jina lake. "Niletee" fulani "wa inchi sita!" "Sukuma" fulani "ndani kabisa!" "Kata" fulani "ukingo!" Mji mzima ulikuwa unajenga, na mchana kutwa jina lake lilipigiwa kelele kwenye mitaro, kutoka Engutoto mpaka Elerai. Lemomo alikuwa akipita kando ya mitaro hiyo kwenda shule.

Mara ya kwanza ilikuwa Elerai, saa sita mchana, jua la utosi. Nilishuka peke yangu kukagua chemba mpya. Kwa mazoea nikainamisha kichwa na kuita, "Uko?" Nikakumbuka kwamba upande wa pili hakuna mtu, na mfuniko wa kule ni wa chuma, unahitaji watu wawili kuuinua.

"Niko," bomba likasema.

Sikuweza kutoka mara moja. Sauti haikuwa ya mzimu wa hadithi za kutisha watoto. Ilikuwa ile ile ya kila siku, imelowa kidogo, ya mtu anayengoja amalize kazi aende akale. Ila hakusema "Ndesa."

Nilijiambia ni mwangwi. Lakini mimi ni mtu wa majaribio, na miezi iliyofuata nilijaribu. Kwenye chemba za zamani za saruji niliita, na nikasikia sauti yangu tu ikirudi. Kwenye chemba zenye mpira wa kampuni nyingine, kimya. Kwenye kila chemba yenye mpira wenye jina, nilijibiwa. Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Mke wangu, Agnela, aliniuliza kwa nini naoga mara mbili kwa siku na bado nanuka chemba.

Mwisho wa mwaka 1997 zikaja mvua za elinino. Barabara zilikatika, udongo ulivimba kupita kiasi, mabomba ya kila mtu yakapasuka. Yangu hayakupasuka. Mainjinia walinipigia simu kunisifu, nami nilikaa nimeshika simu nikitamani lipasuke hata moja. Siku moja ya mvua hizo nilishuka chemba ile ya Engutoto, ile yenyewe, ambayo sasa ilikuwa imewekwa mpira mpya. Sikuita. Niliapa sitaita. Nilishika ukuta na kukagua shingo kwa vidole, na sauti ikatoka kwenye bomba karibu kabisa na shavu langu.

"Uko?"

Yeye ndiye aliyeuliza. Niliziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe, nikapanda ngazi huku nimeuziba, na nyuma yangu sauti ikauliza tena, polepole, bila hasira, "Uko?"

Tangu siku hiyo sikushuka chemba yoyote. Nilisema mgongo unaniuma.

Januari 1998 Naserian alikuja karakanani na shemeji yake, mzee Loishiye, kaka mkubwa wa Fundi. Ilikuwa asubuhi, mashine zinaunguruma. Nilizima zote. Nilimwamkia mzee, "Shikamoo." Akaitika "Marahaba" bila kunipa mkono. Naserian alikataa kiti. Alisimama mbele ya rafu niliyopanga mipira, majina yote yakimtazama, akageuza uso ukutani.

"Shemeji," akasema, "kwetu mtu akishazikwa hatumtaji. Kumtaja ni kumwita. Ukimwita, atafanyaje? Lazima aamke aje."

"Sikujua, shemeji. Kwetu sisi..."

"Kwenu najua. Lakini huyu si wa kwenu." Sauti yake ilikuwa shwari. "Mwanangu anarudi shule analia. Anasema watu wanamsukuma baba shimoni, wanamkata ukingo. Baba yake miaka mitatu sasa hajalala, mnamwamsha kila siku ya kazi."

Mzee Loishiye akaongeza, "Hatukuja kudai ng'ombe wa fidia. Tumekuja kuomba kimya."

Niliichukua kalibu hapo hapo, nikaibana kwenye jiliwa, nikawasha mashine ya msasa. Cheche zilijaa karakana. Nililisaga jina mpaka chuma kikang'aa. Nilipozima, nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nikamwambia mipira yote ya rafuni nitaichoma, na ile iliyo ndani ya chemba nitaifuata mmoja mmoja kwa kisu cha moto, nifute jina.

Naserian alitazama kalibu, kisha akanitazama mimi. Ni yale macho yaliyonitafuta msibani, na safari hii hapakuwa na mgongo wa mtu mnene.

"Shemeji," akasema, "mahali pa kumsemea, ulinyamaza. Mahali pa kumnyamazia, ndipo unamtaja."

Wakaondoka. Nilikaa chini kwenye vumbi la chuma. Alijua. Kwa vipi sikujua, lakini alijua, na mimi nilikuwa nimemsagia herufi.

Mchana ule ule nilikwenda Engutoto. Nilimlipa mlinzi wa nyumba anisaidie kuinua mfuniko, nikamwambia aende zake. Nilishuka. Maji ya mvua yalifika kwenye vifundo vya miguu. Niliinama mpaka uso ukawa sawa na bomba, pale pale ulipokuwa uso wake, nikangoja. Haikuchukua muda.

"Uko?"

"Niko," nikasema.

Lilinitoka neno hilo kama jino. Baada yake mengine yakafuata yenyewe. "Niko, Fundi. Wewe uliniuliza kama waya utakata mpira. Nilijua utakata. Mimi ndiye niliyesema utashika. Wewe hukuzembea. Mimi nilisema ulifunga wewe, nikaacha wakusomee uzembe mbele ya mtoto wako. Ni mimi."

Nikangoja. Maji yalidondoka mahali fulani. Nikaita, kwa sauti niliyoisikia mimi mwenyewe ikivunjika, "Uko?"

Sauti yangu ikaenda mpaka mwisho wa bomba na kurudi. Hakuna aliyejibu. Mwanamume mzima wa miaka hamsini, nililia chembani, nusu kwa kupumua, nusu kwa kuachwa peke yangu.

Lakini bomba si watu, na karatasi ile haikusomwa chembani. Jumapili nilivaa suti yangu ya harusi, nikaenda kanisani kwao, chini ya mlima upande wa magharibi. Nilimwomba mzee wa kanisa nafasi wakati wa matangazo. Akanipa, baada ya tangazo la mchango wa mabati na la kwaya ya vijana. Nilisimama mbele ya watu wale wale. Nikawaambia yote, kuanzia kiwiko mpaka waya, na mara tatu nilikaribia kulitaja jina, na mara tatu nikalimeza. Nilipofika kwenye neno "utashika" mtu mmoja nyuma alitoa sauti, kama aliyekanyaga mwiba. Mkandarasi nilikuwa nimeshampelekea barua ya kukiri, na nakala nilimpa mzee Loishiye mkononi. Aliikunja vizuri, akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Lemomo alikuwa amekaa kiti cha pili. Alikuwa na miaka kumi, na miguu mirefu tayari. Hakulia. Alinitazama kwa makini, kama anayehesabu vidole vyangu.

Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka nje, mayai, ndizi, jogoo mmoja mkorofi, na watu wakicheka. Nilisimama pembeni kwenye ua wa miti, sijui kama niondoke. Naserian akaja. Alifungua pindo la shuka yake, lililofungwa fundo gumu, akatoa kipande cha waya wa nondo kilichozungushwa mara mbili, ukubwa wa kidole cha mwanamume.

"Jioni ile alikuja nao nyumbani," akasema. "Aliuweka mezani, tukala. Nikamwambia mbona waya wenyewe mwembamba. Akacheka. Akasema, Ndesa amesema utashika, na hakuna mtu anayeujua mpira kama Ndesa."

Nilijua alikuwa ananiamini. Sikujua kwamba aliniamini hata mbele ya mke wake, hata alipoona kwa macho yake mwenyewe.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," Naserian akasema. "Nilikuwa nakungoja useme. Nimekaa nao miaka mitatu." Akaushika mkono wangu, akauweka waya kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja juu yake. "Sasa kaa nao wewe."

Akarudi mnadani kwa mwanawe. Nami nikashuka barabarani kwa miguu, suti ya harusi imejaa vumbi, na waya ule mfukoni.